Mkwe Hashiki Shingo

Mama yangu alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi shingoni. Nilipokuwa mtoto lilikuwa dogo, nikidhani kila mama hupewa lake. Miaka ile ya soko huria, maduka ya Mbinga yalipojaa sabuni na wanunuzi wa kahawa walipoanza kugombania magunia yetu barabarani, rovu nalo likajitanua bila kibali. Mama akipanda mlima kwenda shambani alipiga mluzi kama birika.

Hospitali ya misheni wakasema lipasuliwe, maana linabana koo. Mama hakubishana. Akakunja kanga zake, akaenda kulazwa. Hapo ndipo vituko vilipoanza, na wa kulaumiwa ni mimi.

Daktari wa kumpasua alikuwa mchumba wangu. Kijana wa kaskazini, mpole, suruali zake zimenyooka pasi. Alikuwa ameleta barua ya posa kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, na baba mdogo akaipokea kwa mikono miwili, kisha akanywa soda zote za posa. Tangu siku hiyo daktari akawa mkwe. Na kwetu mama na mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hilo halifundishwi, unazaliwa unalijua. Yeye hakuzaliwa kwetu. Nilikuwa na miezi saba ya kumwambia, nikaitumia kumsimulia habari za wanafunzi wangu.

Basi daktari akaingia wodini na fomu. Kabla mgonjwa hajaweka sahihi, ilimpasa daktari ahakikishe kwamba anaelewa kinachotaka kufanyika. Mama alipoona koti jeupe linakuja akajifunika kanga gubigubi, akageukia ukutani.

"Shikamoo, mama. Leo ni siku gani?"

Kimya.

"Hapa tulipo ni wapi?"

Kimya. Siku ya pili daktari akaona ajaribu kupitia upande wa ukutani. Mama akaingia chini ya kitanda. Manesi wenyeji waliyaona yote hayo, ila walidhani mwenzao anajua mila na amekosa adabu tu. Siku ya tatu daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, hawezi kujiamulia, ndugu waitwe.

Akaja baba mdogo, kalamu mfukoni mwa shati. Mtu huyu alipenda sahihi yake kuliko chakula. Akasema kama shemeji yake amerukwa na akili, basi hakuna haja ya kumkata shingo. Arudishwe nyumbani akapumzike. Kupumzika maana yake kukabwa na rovu taratibu, kitandani kwake. Mama mwenyewe hakuulizwa. Ya nini kumuuliza mtu aliyechanganyikiwa?

Ujumbe ulinikuta Mbamba Bay, nilikokuwa nafundisha. Nikapanda lori lililobeba usipa, dagaa wa ziwa letu, nikafika wodini nanuka kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani aliomba kufunguliwa dirisha. Mama akatoa jicho moja kwenye kanga.

"Wanasema sina akili," akaninong'oneza, mluzi ukimtoka. "Akili ninayo kuliko wao wote. Nataka kukatwa. Nataka kupumua."

"Si umwambie daktari!"

"Nimwambieje mkwe? Mwanangu, aliyechanganyikiwa ni wewe."

Nikacheka, kisha aibu ikanishika mpaka masikio yakawaka moto. Nikamtafuta daktari, nikamweleza. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Tukapatana asimame nyuma ya mlango wa wodi, mimi nipeleke maneno na kuyarudisha.

"Muulize leo ni siku gani."

"Kwani kalenda yake imeibiwa?" mama akajibu.

"Muulize hapa ni wapi."

"Mwambie kama anafanya kazi mahali asipopajua, basi apasuliwe yeye."

Wodi nzima ikaangua kicheko, na nyuma ya mlango nako nikasikia mtu anacheka. Kisha daktari akauliza lililo gumu: je, anajua hatari zake? Mama akaacha mzaha. Akasema anajua anaweza kufia mezani, anaweza kutoka hana sauti, na asipokatwa atakufa akitafuta hewa. Kati ya hayo amechagua kisu. Baba mdogo akarudisha kalamu mfukoni polepole.

"Kwa hiyo anakubali?"

"Nakubali. Ila si yeye. Mkwe hashiki shingo ya mama mkwe."

Mpasuaji mwingine alikuwa likizo Ulaya, na rovu halikuwa na subira. Daktari akachungulia mlangoni, tukatazamana.

"Basi si mkwe tena," nikasema. "Nimevunja uchumba."

Nililisema upesi mno. Nilitegemea moyo uniume. Badala yake nikajisikia mwepesi, na hilo likanitisha. Daktari akatoka nyuma ya mlango, uso umemshuka. Mama akafunua kanga, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Marahaba, baba," akasema, akiitikia shikamoo ya siku ile ya kwanza. "Leo ni Ijumaa. Lete karatasi."

Akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Akapasuliwa Jumanne, akapona, mluzi ukaisha. Siku ya kuruhusiwa baba mdogo akatukusanya kwenye benchi la nje, na daktari akiwemo, akatangaza kwamba shingo imepona, kwa hiyo uchumba urudi palepale. Nikainamisha kichwa.

"Amekubali," akasema. "Binti akinyamaza amekubali."

Mama alikuwa amekatazwa kupaza sauti. Akaipaza. "Mimi nilinyamaza, mkasema nimechanganyikiwa. Huyu kanyamaza, mnasema amekubali. Kuuliza kunawashinda nini?"

Daktari akaniuliza, Mungu ambariki. Aliuliza taratibu, akasubiri. Huyu ndiye aliyempa mama pumzi. Shukrani nilikuwa nayo debe zima, na nilitamani sana iwe ndiyo mapenzi. Haikuwa. Nikasema hapana.

Daktari akasema amesikia. Baba mdogo akaondoka bila kuaga. Mama akamshika daktari mkono, akamwita mwanangu, wakakaa pale wakiongea mpaka gari la Mbinga likafika. Nililia nikiwaangalia. Mama alimpenda yule kijana kuliko nilivyompenda mimi, na hapana yangu ndiyo iliyomruhusu kumwambia.