Aliyeunguza Amplifaya ya Jadida

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Skuli niliishia darasa la saba, na herufi zangu nyingine zinapinda. Ukikuta neno limekosewa, lisome kwa namna unayoona inafaa. Karatasi hii nimeiandika kwa siku nne, kidogo kidogo nikitoka kazini, kwa ajili ya vijana wanaoingia sasa katika vikundi vya taarabu na kukabidhiwa vyombo vya zamani. Sina umri wa kumwita mtu mwanangu. Nitakuita mdogo wangu.

Nakumbuka alasiri moja, mdogo wangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, nimekaa peke yangu katika nyumba ya kikundi chetu pale Jadida, Wete, gitaa liko pajani. Lakini kabla sijafika hapo, lazima nikueleze kuhusu chombo chenyewe.

Kikundi chetu kina amplifaya ya gitaa ya zamani, ya zile zenye taa za vioo ndani. Ukiiwasha unasubiri kwanza taa zipate moto, ndipo inatoa sauti. Ukiifungua kidogo, sauti yake ni nyembamba, haina ladha. Ukiifungua sana, gitaa linalia vizuri ajabu, lakini mwimbaji hasikiki na majirani wanakuja mlangoni. Bi Asha, kiongozi wetu, ambaye ndiye mwimbaji pia, alikuwa akisema, "Gitaa linaimba, mie natikisa mdomo tu."

Aliyetutafutia dawa ni Mzee Kombo, fundi wa redio wa Madungu, kule Chake Chake. Alitutengenezea kisanduku cha bati chenye matundu. Amplifaya ya zamani haikupeleka tena nguvu zake kwenye spika. Ilizipeleka kwenye kisanduku kwa waya mnene, na kisanduku kikazibeba zote na kuzigeuza joto. Kutoka kwenye kisanduku ulitoka waya mwembamba uliochukua sauti kidogo tu, ukaingia kwenye amplifaya ya pili, ya kisasa, na hiyo ndiyo iliyosukuma spika. Basi ile ya zamani tuliifungua mpaka pale inapolia vizuri, na ukubwa wa sauti tukaupunguza kwenye hii ya pili. Siku ya kwanza tulipoijaribu, Bi Asha aliisikia sauti yake mwenyewe, akacheka katikati ya wimbo.

Mzee Kombo alitukusanya akatuonyesha. "Huu waya mnene msiuguse taa zikiwa zinawaka," alisema. "Chombo hiki lazima kiwe na kitu cha kubeba nguvu zake. Kama si spika, basi kisanduku. Mkitaka kimya, punguzeni hii ya pili." Kisha akaniangalia mimi, kwa kuwa mpiga gitaa ni mimi. "Umefahamu?"

"Nimefahamu, Mzee."

Sikuwa nimefahamu. Nilisikia kuwa kuna waya usioguswa, lakini sikushika ni upi, na sababu yake sikuijua kabisa. Niliona haya kuuliza mbele ya watu, hasa mbele ya Salum, mpiga fidla wetu, ambaye hajawahi kuliacha kosa la mtu likapita hivi hivi.

Sasa turudi kwenye ile alasiri. Nyumba yetu imepakana na msikiti, na desturi yetu ni kuwa adhana ikianza, vyombo vinanyamaza. Wenzangu walikuwa wametoka kwenda kutia udhu. Mimi nilibaki kwa sababu kulikuwa na kipande cha wimbo kilichokuwa kikinishinda, na harusi tuliyoalikwa ilikuwa karibu. Muadhini alipoanza, nilinyoosha mkono nikachomoa waya uliokuwa karibu nami. Ulikuwa ule mnene. Sauti ikakatika papo hapo, nami nikaona nimefanya adabu. Kisha nikaendelea kupiga. Gitaa la umeme likikosa spika halimsumbui mtu, ndivyo nilivyofikiri. Kwa kuwa sikuwa nikilisikia gitaa langu vizuri, nilipiga kwa nguvu zaidi.

Adhana ilipokaribia kwisha nikasikia harufu, kama ya vanishi inayoungua. Nikaurudisha waya, nikazima chombo, nikaenda kusali. Nilichosoma katika sala ile sikumbuki.

Tuliporudi tukawasha. Taa ziliwaka, lakini sauti haikutoka.

"Imekuwaje tena?" Bi Asha aliuliza.

Salum aliweka kiganja juu ya kisanduku. "Bado kina vuguvugu mpaka sasa. Nilisema mimi. Tangu mchana kitu kinachemka, unaweza kuchomea chapati, kitaachaje kuunguza?"

"Mzee Kombo naye umri umekwenda," akasema mpiga ngoma wetu, yule wa dumbaki.

"Macho yenyewe ya kuazima yale," Salum akajibu, na watu wakacheka.

Bi Asha akanigeukia. "Wewe ulibaki humu. Umeona nini?"

"Sikuona kitu, Bi."

Mdogo wangu, kisanduku kile kilikuwa cha moto kwa sababu kilikuwa kikifanya kazi yake. Joto lile ndilo lililokuwa likiikinga amplifaya. Lakini wakati ule sikulijua hilo, na hata ningelijua, sidhani kama ningelisema.

Harusini tulipiga kwa amplifaya ya kisasa peke yake. Haikuwa na ladha, lakini bibi harusi aliolewa. Kisanduku kikarudishwa Madungu pamoja na maneno. Maneno nayo hayakukaa ndani ya kikundi. Walioalikwa waliuliza gitaa limepatwa na nini, wakaambiwa, nao wakawaambia wengine. Haukupita muda, Chake Chake yote ikawa inasema kuwa kazi za Mzee Kombo siku hizi zinaunguza vyombo. Mwenye mkahawa mmoja akaenda kwake kuchukua spika zake kabla hazijaguswa.

Siku ya kumi na moja tangu kisanduku kirudishwe, Bi Asha alinituma niipeleke amplifaya kwa Mzee Kombo, aone kama kuna kinachoweza kuokolewa. Nilikuta kibanda chake kina redio mbili tu. Zamani ukienda pale hukosi kusimama, maana viti vyote vimewekewa kazi za watu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo."

Kisanduku kilikuwa mezani, kimefunguliwa. Viungo vyake vyote vilikuwa vimelehemiwa upya, vinang'aa.

"Nimekifungua mara tatu," alisema. "Nimepima kila kiungo, sioni kosa. Na kosa lazima liwepo, kwa sababu chombo kimeungua. Basi lililobaki ni macho yangu. Nimeshamwambia mama watoto, nikimaliza redio hizi mbili nafunga kibanda." Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha kesho. "Hebu nambie wewe uliyekuwepo. Ilianza vipi?"

"Sijui, Mzee."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuniuliza tena. Akavaa miwani, akakisogeza kisanduku karibu kabisa na uso wake, akachukua chuma cha kulehemu ili aanze mara ya nne. Nikaweka mkono juu ya kisanduku.

"Mzee, usikifungue tena," nikasema. "Ni mimi."

Nilimweleza yote. Hakunikatiza mpaka nilipomaliza.

"Waya upi ulichomoa?"

"Mnene."

"Na ukaendelea kupiga."

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka adhana karibu iishe."

Akaweka chuma chini. "Nilikuuliza kama umefahamu."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukanijibu nini?"

"Nilisema nimefahamu."

Akavua miwani. "Nguvu zilikosa pa kwenda, zikaunguza transfoma ndani ya amplifaya. Hiyo nitaisuka upya," alisema. "Ni waya uliozungushwa tu, ukikatika unasukwa. Lakini siku kumi na moja mimi nakaa hapa nikiitazama mikono yangu, nikidhani imeniacha. Mpaka kwenye sala nikawa na shaka na hesabu ya rakaa. Siku hizo utanirudishia vipi?"

Nikafungua mdomo nimwombe radhi.

"Huwezi," akasema. "Wala usiniombe radhi humu ndani, humu tuko wawili. Maneno yalisemwa Wete mbele ya watu. Kayaseme Wete mbele ya watu."

"Mzee, mimi kusema mbele ya watu..."

"Najua. Ungekuwa msemaji ningekutafutia adhabu nyengine."

Nilirudi Jadida. Siku ya mazoezi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Salum akauliza kama nimekalia mdudu. Nikasema wakati bado wanacheka, kwa sababu niliona kicheko kikiisha nitashindwa.

Hakuna aliyecheka baada ya hapo.

"Yaani siku zote hizi unatutazama tunamla nyama mzee wa watu?" Salum aliuliza.

"Ndiyo."

"Na mie ndiye niliyekuwa nagawa vipande." Akaweka fidla chini. "Yakhe, ungenikanyaga hata mguu."

Bi Asha nilimwambia sikuona kitu, naye aliniamini, na nadhani hilo ndilo lililomuuma. Akasema, "Ijumaa sote tunakwenda Madungu. Salum, wewe utatangulia, ulimi unao."

Tukaenda. Mzee Kombo alitupokea akatupa kahawa. Salum akapiga goti. "Mzee, nilisema macho yako ya kuazima. Nisamehe."

"Nimeyaazima kwa nani?"

"Mzee?"

"Nauliza mwenyewe ni nani, nisije nikadaiwa."

Kahawa ilimpalia Bi Asha. Hapo ndipo nilipoona kwamba Mzee amerudi. Kibanda hakukifunga, na mpaka leo kiko wazi. Transfoma aliisuka, nami nilikaa naye nikihesabu mizunguko ya waya. Alipokuwa akinifundisha hakuniuliza tena kama nimefahamu. Alisema, "Haya, nifundishe wewe," na niliposhindwa alianza mwanzo.

Lakini si kila kitu kilirudi. Yule mwenye mkahawa nilimfuata mwenyewe. Nikamwambia kisanduku hakikuwa na kosa, aliyeunguza ni mimi. Akasema, "Alaa, kumbe," akaniagizia chai. Spika zake bado anazipeleka kwa fundi mwengine. Maneno ya kwanza yalimkaa, na yangu hayakupata nafasi.

Kwa hiyo nasaha yangu, mdogo wangu, ni hii. Amplifaya ya zamani usiiwashe mpaka uone kwa macho yako kuwa ina spika au kisanduku cha kubeba nguvu zake, na ikishawaka usiuchomoe waya ule kwa sababu yoyote, hata kwa sababu njema. Adhana ikianza, punguza chombo cha pili, na gitaa liweke chini. Kisanduku kikiwa cha moto usikishutumu, kipe hewa. Ukiambiwa jambo hukulifahamu, sema hapo hapo kuwa hukulifahamu, hata kama Salum wa kikundi chenu amekaa mbele yako. Kicheko chake hakimalizi dakika moja. Mimi niliikimbia dakika hiyo, mzee wa watu akakaa siku kumi na moja na shaka.

Na ukiharibu, sema siku ile ile. Mimi ni mwenye haya tangu utoto, na bado ni mwenye haya. Nilikuwa nikidhani mtu asiyesema hana madhara. Siku ile sikumtaja Mzee Kombo hata kwa neno moja, na karibu nimfungie kibanda chake.

Mwenyezi Mungu akupe vidole vyepesi na masikio mazuri. Akukutanishe na fundi mwenye subira, na akupe nguvu ya kusema jambo zito kabla halijafika kwa mtu mwengine. Akuepushe na siku kama yangu, na ikikufika, akurahisishie kusimama. Amin.

Nina ombi moja. Bado wapo watu, Wete na hata Msuka, wanaosema kisanduku cha Mzee Kombo kiliunguza amplifaya ya Jadida. Ukimkuta mmoja wao, mwambie ni mimi. Kama hakuamini usibishane naye. Niandikie jina lake na mahali anapokaa, karatasi uiache kwa Bi Asha, nami nitamfuata.