Githeri na Dawa ya Mbuzi

Nikikaribia duka la dawa za mifugo pale Kitengela, huwa navuka barabara. Ni ile harufu ya dawa ya kupe, kali, inayokwama kooni kama mafuta ya taa. Mume wangu hudhani inanipandisha pumu. Mwacheni adhani hivyo. Ninyi nitawaambia ukweli.

Miaka ya tisini, huku bado kukiwa nyasi tupu, tulikuwa na mbuzi sita na paka mmoja. Mama, mzaliwa wa Murang'a, alimwita Githeri, kama kile chakula cha mahindi na maharagwe yaliyochanganywa, kwa sababu ya madoadoa yake. Alilala miguuni pangu tangu akiwa wa kutosha kiganjani. Nilipokuwa na miaka tisa, manyoya ya masikioni yakaanza kumtoka. Pakabaki viduara vyenye magamba, na shingo akaikuna mpaka ikatoa damu. Kisha kichwani mwa mdogo wangu, Mwangi, kikatokea kiduara kama vile.

"Huyo paka ako na choa," Mama akasema. "Jumamosi baba yako atamtia kwa gunia akamtupe huko machimboni. Siwezi lea wagonjwa wawili."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Mama hata hakugeuka.

Ijumaa wazazi walipoenda mazishi Kiserian, nikajitia daktari. Mbuzi wakitokwa na vipele, Baba aliwaosha kwa dawa ya kupe, na baada ya siku chache ngozi ilikuwa safi. Kwa akili yangu, ngozi ni ngozi tu. Nikamimina kifuniko kimoja kwenye karai la maji, halafu kingine, maana nilitaka apone kabla ya kesho. Githeri alinikwaruza mkono akitaka kutoroka. Nikamkaza, nikamsugua hadi mkiani.

"Vumilia, mami," nikamwambia. "Hakuna mtu atakutupa."

Nikamweka juani. Akaanza kujilamba kwa bidii, miguu, kifua, mgongo wote. Ai, nilivyofurahi! Nilikaa kando yake nikimsifu kwa usafi.

Alasiri mate yakaanza kumtoka, yakawa povu. Miguu ikamtetemeka. Akaanguka, akainuka, akajikokota hadi nilipokuwa, akajipenyeza chini ya sketi yangu kama alivyozoea kukiwa na radi. Alikufa hapo, jua likiwa bado juu.

Baba aliporudi alimnusa manyoya, kisha akaitazama mikono yangu.

"Ushawahi ona mbuzi akijilamba mwili mzima?" akaniuliza polepole.

Akachukua jembe. Mama alipouliza paka yuko wapi, Baba akamwambia, "Hiyo choa imemmaliza," na hadi leo hajasema lingine.

Choa cha Mwangi kilipona baada ya wiki kadhaa kwa dawa ya kupaka. Miaka mingi baadaye daktari wa mifugo aliniambia kuwa hata cha paka hutibika, tena chenyewe hakiui. Nilikwenda kulia chooni, mtu mzima mimi.

Kumwosha kwa dawa ile nimejisamehe, nilikuwa mtoto. Lakini siku ile niliamini alijikokota kwangu ili anilaumu. Sasa nimefuga paka wengine, nawajua. Githeri hakujua ni mimi niliyemuua. Alikuwa na maumivu, na katika boma zima wa kumkimbilia nilikuwa mimi.