Mjane Kwenye Mashua ya Bembea

Watu wa mji wangu wanaweza kukusamehe uongo, wizi, hata kutembea na bwana wa mtu. Lakini mjane aonyeshe meno kabla ya kuanua matanga, hapo ndipo utawajua. Nasema kwa hasira na sitaki kuambiwa nipunguze sauti. Siku niliyoipunguza ndiyo siku niliyokosea zaidi, nitafika huko.

Tuko marafiki watatu tangu dawati la shule. Mmoja ni muuguzi, anakaa Mutanga Sud. Wa pili ni fundi cherehani wa Kanyosha. Wa tatu ni mimi, nauza vitenge Jabe, na soko zima linajua kwamba mdomo wangu hauna kizibo. Mwaka juzi fundi wetu alifiwa na mume wake. Bwana aliugua Jumatatu, tukamzika Jumamosi, mwenzetu akabaki mjane na mtoto mmoja wa kike wa miaka saba.

Kwetu Burundi matanga yanaondolewa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku chache baada ya maziko: watu wanakunywa, wanahutubia, mjane anaambiwa machozi basi, afute uso arudi kazini. Mara ya pili, ile tunayoita kuganduka, ni karibu mwaka mzima baadaye, na hapo ndipo msiba unaisha kabisa. Katikati ya hizo mbili mjane hana pa kusimama. Akilia, ataambiwa tulishamaliza kulia. Akicheka, ataambiwa alikuwa anamngoja mume afe. Haendi harusini, havai kitenge cha kung'aa, haonekani mahali pa starehe.

Na huyu wetu aliongezewa. Siku ile ya kuondoa matanga ya kwanza, wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba mtoto ni wa ukoo wao. Atabaki kwa mama yake wakiona mama amejishika mpaka kuganduka. Asipojishika, atakuja kumchukua ampeleke kwake Ngozi. Niliyasikia kwa masikio yangu, sahani ya wali mkononi. Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua.

Miezi minane ikapita. Rafiki yetu alijishika kweli: mashine, kanisa, nyumba. Aliyetushtua ni mtoto. Alikuwa ameambiwa nyumba ya msiba haina kelele, naye akatii kuliko sisi wakubwa. Alitembea kwa ncha za vidole. Ukimuuliza kitu, anakujibu kwa mnong'ono kama yuko hospitali. Muuguzi akaniambia, "Huyu mutoto iko na miaka saba, anaongea kama mutu wa sitini. Mi sipendi."

Mimi nikasema tumpeleke kwenye ule uwanja wa michezo ulioko upande wa ziwa, wenye farasi wa kuzunguka na vigari vya kugongana. Mama yake akakataa.

"Mi siendi. Mupelekeni nyinyi. Bakiniona kule batasema nini?"

"Nani akuone?" nikamwambia. "Hao wakwe zako wanapanda bembea tangu lini?"

Akakataa tena. Nikamsukuma tena. Mtoto mwenyewe alisema bila mama haendi, basi hapo nikapata fimbo nzuri ya kumchapia. Nilimwambia anamzika mtoto pamoja na baba. Ni neno baya, nililisema, akavaa viatu.

Wiki hiyo mafuta ya gari hayakuwepo mjini, mabasi yamelala vituoni, tukatembea jua lote la Bujumbura kutoka katikati ya mji. Mtoto hakulalamika hata mara moja. Tulipofika langoni na kusikia muziki na jenereta, alimshika mama yake mkono akauliza kwa ule mnong'ono kama inaruhusiwa kuingia.

Ilichukua kama nusu saa. Mwanzo alikaa kwenye kigari mikono mapajani, wengine wanamgonga, yeye anaomba samahani. Halafu muuguzi wetu, mwanamke mnene mwenye heshima zake, akajibana kwenye kigari cha pili akamgonga kwa nyuma, puu, na mtoto akapiga kelele. Kelele ya kweli, ya mtoto. Akaukata usukani akamfuata muuguzi uwanja mzima. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Mama yake alikuwa kwenye benchi, gauni jeusi, mkoba umebanwa magotini, anaangalia huku na huku kama mtu aliyeingia bila tiketi.

Kisha mtoto akaiona mashua. Ni mashua kubwa ya chuma inayoning'inia, inakwenda mbele na nyuma mpaka mtu anaona miguu yake iko juu ya vichwa vya watu. Akamvuta mama yake. "Peke yangu naogopa." Rafiki yangu akatuangalia. Mimi nikamnyang'anya mkoba.

Mashua ikaanza polepole, ikashika kasi. Watu wote wakapiga mayowe, ndiyo kazi ya chombo hicho. Na mimi nikamwona rafiki yangu amerusha kichwa nyuma, mdomo wazi kabisa, mikono juu, mtoto ubavuni kwake anacheka. Miezi minane sijauona uso huo ukifunguka. Nikatoa simu, nikapiga picha. Ilitoka safi, hata leo naiona. Palepale, bila kufikiri hata kwa dakika moja, nikaiweka kwenye status ya simu yangu. Nikaandika chini: Mungu ni mwema.

Waliposhuka, uso wa mama ulikuwa umelowa. Mtoto akamtazama kwa hofu. "Mama, unalia?"

"Apana, mama," akamwambia binti yake, anajifuta kwa ukingo wa mkono. "Nimecheka mpaka machozi."

Mtoto akaridhika, akakimbilia foleni ya aiskrimu. Hapo rafiki yangu akatushika mabega sisi wawili, akatuambia. Kule juu kila mtu anapiga kelele, hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa hiyo alimwita mume wake. Alimwita kwa jina lake, kwa nguvu zake zote, mara nyingi, mpaka mashua iliposimama. Tangu siku ile alipofutishwa machozi mbele ya watu hakuwa amepata mahali pa kumlilia.

"Nimepona kidogo," akasema. "Sasa naweza kula."

Tukala. Mishikaki, ndizi za kuchoma, pilipili, soda. Mtoto anaongea mdomo umejaa, sauti yote, hakuna aliyemnyamazisha. Mimi, kwa ujinga wangu, nikafungua simu niangalie nani ameipenda picha. Katikati ya majina ya wateja wangu nikaona jina la wifi.

Namba yake niliipataje? Msibani. Nilikuwa kwenye kamati ya kupika, nilimtafuta kuhusu sufuria, nikahifadhi namba nikasahau. Wewe fikiria. Mtu ninayejua amekaa juu ya kichwa cha rafiki yangu kama kunguru, mimi ndiye niliyempelekea picha kwa mkono wangu. Nikaifuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla hatujamaliza ndizi simu ya rafiki yangu iliita, nikaona mkono wake unashuka taratibu na mshikaki.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, walikuja Kanyosha watu wanane wa ukoo wa mume. Aliyeshika neno ni baba mdogo wa marehemu, mzee mwenye sauti tamu. Nami nilikwenda na kesi mbili za bia, kwa sababu kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu, hakuna atakayekusikia. Nilijua adabu, nikazipeleka. Walizifungua sijamaliza kusalimia.

Sasa nisikilizeni. Watu hawa walikuja kumhukumu mwanamke kwa kucheka. Kufika chupa ya pili, mmoja akakumbuka siku marehemu alipoanguka kwenye mtaro na suti ya harusi ya watu, na wote wakacheka. Walicheka wakipigana mapajani, ndani ya nyumba ya msiba, chini ya picha ya marehemu ukutani, na bia yangu mkononi. Wifi ndiye aliyecheka mwisho, anajifuta machozi kwa kitenge. Niliyaangalia meno yao moja moja. Na hapo ndipo niliponyamaza, mimi mwenye mdomo usio na kizibo. Nilijiambia nisiwachokoze, mambo yatapoa, kwa ajili ya rafiki yangu. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujiuma.

Baadaye simu ya wifi ikapita mkono kwa mkono. Picha yangu ile ile, aliyoinasa kabla sijaifuta, na neno langu la Mungu chini yake. Nikasimama. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyemlazimisha, mimi ndiye niliyeipiga, na huyu mnayemwona hacheki, analia.

Baba mdogo akaisogeza simu mbali kidogo na macho yake. "Binti yangu, mi nimezika watu wengi. Kulia nakujua. Kulia hakuko hivi."

Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho chini. "Nililia, baba," akasema. "Nilimuita."

"Mikono juu?" akauliza wifi. "Unalia mikono juu kama mutu wa kwenye dansi?" Halafu akasema neno ambalo kila mtu aliliona la haki. "Tumuulize mutoto. Mutoto hana uongo."

Walimwita kutoka uani. Baba mdogo akamsimamisha katikati ya magoti yake, akamshika mikono kwa upole. Akamuuliza, siku ile kule juu kwenye mashua, mama alikuwa anafanya nini?

Mtoto akatuangalia. Aliona nyuso zetu, akajua mama yake yuko matatani. Na nini alichokuwa ameambiwa mtoto huyu miezi minane yote? Kwamba machozi yalishaisha, kulia ni vibaya, kulia kunamsumbua baba. Basi akafanya alichoweza kumwokoa mama yake. Alisema kwa sauti kubwa, ile tuliyokwenda kumtafutia: "Mama hakulia hata kidogo. Alicheka mpaka machozi."

Wote wakamgeukia rafiki yangu. Aseme nini? Aseme mtoto ni mwongo? Au aseme yeye ndiye aliyemdanganya mtoto, mbele ya watu ambao tayari wanamwona mwongo? Mtoto akamtazama, anangoja kusifiwa. Mama yake akatikisa kichwa kumkubalia.

Walimchukua mtoto kesho yake. Baba mdogo alisema si adhabu, ni mpaka kuganduka tu, ili mama apate nafasi ya kuomboleza vizuri. Vizuri. Neno hilo nimelitafuna mpaka limeisha utamu na uchungu.

Sokoni Jabe habari zilifika kabla yangu. Mwanamke wa meza ya jirani, anauza dagaa, aliniambia msiba wa kujitakia hauna kilio. Nilimmwagia maneno ambayo sitayaandika hapa, na siku tatu hatukusalimiana. Lakini nikirudi nyumbani nilijiuliza: nani alijitakia? Si yeye. Yeye alisema hapana mara mbili. Aliyejitakia ni mimi, na mimi sikunyang'anywa kitu. Rafiki yangu hakunitukana hata siku moja. Nilikwenda kwake nikiwa tayari kutukanwa, nimejiandaa njia nzima, na yeye akanipa kiti, akaniuliza mauzo yakoje, akaendelea kukanyaga mashine. Ningependa anipige.

Miezi ikaenda. Siku ya kuganduka ikafika, na mimi na muuguzi tulipika tangu alfajiri, kwa sababu mtoto alikuwa anarudi. Tulitandika kitanda chake. Mama yake alikuwa amemshonea gauni, kwa kukadiria urefu, maana hakujua amekua kiasi gani.

Hotuba zilikuwa nzuri. Baba mdogo alimshukuru mjane mbele ya watu kwa kuvumilia. Akamwambia kuanzia leo uko huru, vaa, nenda harusini, cheka na wenzako. Watu wakapiga makofi, rafiki yangu akasimama akashukuru kama inavyotakiwa. Halafu baba mdogo akasema jambo la mwisho kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: mtoto ameshazoea Ngozi, shule imeanza, kumhamisha sasa ni kumsumbua, tutaona mwakani. Muuguzi alinishika mkono kwa nguvu chini ya meza. Nilisimama hivyo hivyo, na nilisema yote, yale ya siku ya bia na haya ya leo, mpaka wanaume wawili wakanitoa mpaka mlangoni. Nilikuwa nimechelewa, na kila mtu pale alijua.

Kwa hiyo nilikuwa mlangoni wifi alipomleta mtoto kusalimia wageni. Alikuwa amerefuka, nywele zimenyolewa vizuri, amevaa gauni walilomnunulia wao. Alipita mstari wa viti, mtu mmoja baada ya mwingine, mikono miwili, goti limekunjwa kidogo, macho chini. Watu wakasema amelelewa. Akafika kwa mama yake. Akampa mikono miwili, akakunja goti, akasema "Mwiriwe", salamu ya jioni ile ile aliyowapa wote, akapita kwa mgeni aliyefuata.