Boksi la Nyayo la Fundi Plasta

Pale kliniki ya watoto ninapofanya kazi ya uuguzi, yupo bwana mmoja ambaye kila mtu humwita Fundi Plasta. Kazi yake ni kuwafunga plasta ngumu ya jasi vichanga waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, wiki baada ya wiki, mpaka zinyooke. Ni mkimya kupindukia, lakini ana mazoea yake: kabla ya plasta ya kwanza huuweka unyayo wa mtoto juu ya karatasi, akauzungushia penseli, na nyuma akaandika asili ya wazazi. Karatasi hizo hujaza boksi la viatu. Miaka yote nimemtania kwamba anafungua duka la viatu.

Jumanne moja aliingia bibi mmoja na mkwewe aliyebeba kichanga. Bibi na Fundi ni watu wa asili moja, wakasalimiana kwa lugha ya kwao. Mkwe alikuwa wa rangi nyingine, macho yamemvimba kwa kulia. Kabla hata hawajakaa, bibi akaanza: kwao mguu wa namna hii haujawahi kuonekana, umeletwa na damu ya ugenini, na mwanawe ameshakubali mke arudishwe kwao. Nilipandwa na hasira.

Fundi akatandaza karatasi ishirini mezani, akamwomba bibi atenge za wageni. Bibi akavaa miwani. Zilizopinda sana akaziweka upande wa wageni, zenye afadhali upande wake. Fundi akazigeuza moja moja: weusi, weupe, Waasia, waliochanganya damu, wote wamo pande zote mbili. Akasema kasoro fulani huzidi kidogo kwa hawa, nyingine kwa wale, ila hajaona watu wa asili yoyote waliozikwepa kabisa.

Bibi akashika moja, iliyopinda kuliko zote. “Hii si ya kwetu, hata uniambie nini.”

Fundi hakuigeuza.

“Huyo ni binti yangu, Mama. Nilisema ni damu ya ukoo wa mama yake, nikawarudisha wote wawili kwao. Ana miaka kumi na minane sasa, na haitikii salamu yangu.”

Sikuwahi kujua kama ana mtoto. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akamsogezea mkwewe kiti.

“Kaa, mwanangu. Mguu nitaushika mimi.”

Fundi akalowesha plasta.