Alama Nyeupe kwenye Pampu

Kwa miaka kumi na saba, mtu akisema "fundi" hapa Mbwajumali alikuwa ananisema mimi. Magari ya kisiwa cha Pate ni machache, karibu yote ya diseli, na hakuna lililokuwa halijapita mikononi mwangu. Kazi nilijifunzia Mombasa kwenye gereji ya mjomba wangu, kwa kutazama tu, bila darasa wala cheti. Nilikuwa naweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha naigusisha kwenye injini, halafu nasikiliza. Watu walipenda kunitazama nikifanya hivyo. Na mimi, niseme kweli, nilipenda kutazamwa.

Gari lililonitia aibu lilikuwa pikapu ya jirani yangu, mtu wa Amu, Lamu mjini, aliyeoa huku kwetu. Ndiyo iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kutoka gati ya Mtangawanda: wanafunzi, saruji, mitungi ya gesi, wagonjwa. Mimi ndiye niliyeibadilishia mkanda wa taimingi mwaka ule, ule unaoizungusha pampu ya mafuta kwa wakati wake, kwenye uwanja wa nyumba yake, na ilipowaka alinishika mkono kwa mikono miwili.

Wiki chache baadaye ikaanza kusumbua. Asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka, na ikiwaka inatoa moshi mweupe unaochoma macho. Kwenye mchanga mzito ikawa haina nguvu. Ikifika kijijini maji yanachemka.

Nikaanza kutibu. Nilibadilisha filta. Nilitoa hewa kwenye mipira ya mafuta. Nilibadilisha plagi za moto, zile za kuipasha injini asubuhi, zote nne. Nozeli zinazonyunyiza mafuta nikazifungua nikazituma bara kupimwa, zikarudi na jibu kwamba ni nzima. Nikasema basi ni diseli, imeingia maji ya chumvi kwenye madumu huko njiani. Tukamwaga tangi zima tukatia mafuta mapya. Moshi ukabaki vilevile.

Mke wa mwalimu alinikuta hapo. Mumewe alikuwa amehamishiwa shule yetu ya sekondari; walikuwa watu wa bara, Wakristo, na sisi tulimjua yeye kama mama mrefu anayenunua samaki bila kupatana bei. Siku hiyo alitaka kwenda gatini, akawa amesimama na abiria wengine wakinisubiri. Nilipiga stata mara ya tano. Moshi ukatufunika sote.

Akauliza, kwa upole tu, "Fundi, umeangalia taimingi?"

"Taimingi niliiweka mwenyewe," nikamjibu.

"Ndiyo, nimeambiwa. Ndiyo maana nauliza."

Abiria mmoja akacheka. Nadhani hakucheka kwa ubaya, lakini kicheko hicho ninakisikia hadi sasa.

Mama yule akaweka mkoba wake chini, akaomba spana. Kabla sijajibu, mwenye gari alikuwa amekwisha kumpa yangu. Akalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza huku injini inatetemeka, akasikiliza, akaikaza. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne.

"Kama ugonjwa ungekuwa wa nozeli moja," akamwambia mwenye gari, "ningeinyima hiyo mafuta na mlio ungebadilika pale pale, moshi ungepungua. Lakini zote nne ziko sawa. Zinakosea pamoja. Kitu kinachokosea kwa zote ni wakati."

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri, Mungu anisamehe, vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi. Kwamba injini ya diseli haina cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa ya moto, na pampu inanyunyiza mafuta hapo hapo. Mafuta yakiwahi, injini inagonga kama mtu anayevunja kokoto. Yakichelewa hayaungui yote, moshi unatoka mweupe, nguvu inapotea na injini inachemka.

"Umejuaje haya?" mwenye gari akamuuliza.

"Nilisomea. Nilifanya kazi gereji miaka sita kabla ya watoto."

Nilikusanya spana zangu nikasema injini imechoka, inahitaji kupumzika. Sikutaka aifungue mbele yangu. Kesho yake nilikwenda Faza kwenye maziko, na niliporudi alasiri niliisikia pikapu kabla sijaiona. Ilikuwa inanguruma laini, bila moshi. Mwenye gari alinikimbilia akiwa na furaha ya mtoto.

"Jino moya tu, Bwana fundi! Mkanda ulikuwa umeruka jino moya kwenye gurudumu la pampu. Ana saa yake ndogo, huichomeka nyuma ya pampu, sindano yazunguka, yamuonyesha mafuta yataingia lini. Sijaona kitu kama kile kwa mato yangu."

Haukuwa umeruka. Nilikuwa nimeuvalisha vibaya, na yeye alijua hivyo, na alimwambia mwenye gari kwamba umeruka. Hilo nililielewa papo hapo, na lilinikera kuliko kama angenitangaza msikitini.

Baada ya hapo kazi zikaanza kupinda kona kabla hazijafika kwangu. Mashine ya kusaga ilipelekwa kwake. Mashua mbili zikatolewa injini akapelekewa. Alikuwa anafanya kazi nyuma ya nyumba za walimu, chini ya bati, amevaa ovaroli na kitambaa kichwani. Siku moja nilikuwa nanunua sigara, mtu akaita "Fundi!" kwa nguvu. Nikageuka. Alikuwa anaitwa yeye, upande wa pili wa barabara.

Na mke wangu naye. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuingia gereji yangu ila kuniletea chai, akidai harufu ya diseli inamtia kichefuchefu. Sasa akawa anakwenda kwa yule mama jioni na mabakuli ya viazi karai, akirudi anazungumza habari za pampu.

"Kumbe pampu ina kazi mbili," aliniambia siku moja akisuka mkeka. "Kupima mafuta na kuyatoa kwa wakati. Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza."

"Yeye naye sikumuuliza. Hueleza tu."

Nililala nimemgeuzia mgongo. Nilimchukia yule mama kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia mtu aliyenidhulumu. Nilichukia hata saa yake ile, ambayo nilikuwa sijaiona.

Ijumaa moja niliona pikapu imeegeshwa mbali kidogo na msikiti, kwenye kivuli cha ukuta, mlango haujafungwa. Nilikuwa nimekwisha kutawadha. Watu waliingia, hotuba ikaanza, nami nikabaki nje kana kwamba nimesahau kitu. Spana ilikuwa mfukoni. Ningependa kusema niliikuta mfukoni kwa bahati.

Nilifungua boneti. Pampu ilikuwa safi, yule mama amekwisha kuipangusa, na pale inapokutana na mwili wa injini alikuwa amechora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, nusu huku na nusu huku. Nikalegeza nati mbili za mbele na boliti ya nyuma. Nikaizungusha pampu upande wa kuchelewesha, unene wa ukucha tu. Nilijua upande gani. Yeye ndiye aliyenifundisha, siku ile nilipojifanya sisikilizi. Nilitaka moshi urudi kidogo, watu waseme dawa ya mke wa mwalimu haikudumu. Nikakaza, nikafunga boneti polepole, nikaingia msikitini nikasimama safu ya mwisho. Sikumbuki tulisomewa sura gani.

Nilichokuwa sijakifikiria ni mama mkwe wangu. Alikuwa Lamu, amefanyiwa upasuaji wa jicho, na mke wangu alikuwa amemfuata. Tulikubaliana warudi Jumapili. Daktari akawaruhusu Jumamosi.

Pikapu ilipakia Mtangawanda saa sita mchana, imejaa. Ilitoka ikivuta kwa shida, moshi nyuma kama wa tanuri la chokaa, na katikati ya safari maji yakachemka yakarusha kifuniko. Ikazima. Hakukuwa na gari jingine siku hiyo. Watu wakateremka wakatembea, na mama mkwe wangu akatembea nao, jicho moja limefungwa bandeji, jingine likimwagika machozi kwa vumbi, mkono mmoja begani kwa binti yake. Nusu ya ndia hivi walipata punda wa mtu aliyekuwa anarudi shambani.

Niliwaona wakiingia kijijini. Mke wangu alikuwa amemfunika mama yake uso kwa leso yake mwenyewe, naye miguu imekuwa myeupe kwa vumbi hadi magotini. Nilikimbia kumshusha mkwe wangu. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Gari ya watu imekufa, maskini. Wallahi nimemuonea huruma mwenyewe."

Jicho lile halikudhurika, alhamdulillahi. Niliambiwa hivyo siku tatu baadaye, na hizo siku tatu sitazisahau.

Pikapu ilivutwa jioni ile na trekta la shamba. Mwenye gari akatuita sote wawili, mimi na mke wa mwalimu. Hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa. Watu kama kumi walikuwa wamezunguka. Yule mama akafungua boneti, akapangusa vumbi kwa kidole, akainama. Nikaona mgongo wake umetulia. Ule mstari mweupe ulikuwa umevunjika: nusu ya injini ilikuwa pale pale, nusu ya pampu imesogea chini, na kwenye nati kulikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Kuna mtu amegusa hii pampu?" akauliza.

"Hapana," mwenye gari akasema. "Naapa. Tangu uifunge wewe hakuna aliyeigusa."

Mama yule akainuka. Hakunitazama. Alipangusa mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Basi labda mimi sikukaza nati vizuri. Barabara ni mbaya, zimelegea. Ni kosa langu."

Watu wakaanza kunong'ona. Hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka: watu kumi waliosimama wakisikia mke wa mwalimu akikiri kosa. Alinipa bure kile nilichokwenda kuiba. Wala sikufurahi. Nilimwonea wivu hata hapo, nikaona huyu mtu amenizidi hadi katika hili, na wivu huo ndio uliofungua mdomo wangu, si ucha Mungu.

"Nati hazikulegea," nikasema. "Ni mimi. Ijumaa, wakati wa hotuba."

Mwenye gari hakuelewa mara moja. "Wewe ulifanyani?"

"Niliisogeza pampu."

"Kwa nini?"

Akanikaribia nikadhani atanipiga. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mkweo alikuwa mle ndani," kisha akaingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Alikaa karibu mwaka bila kunisalimu zaidi ya salamu ya lazima. Mke wangu hakunigombeza. Alinipakulia chakula, akanifulia, na kwa siku nyingi hakunitazama usoni. Kwa mama mkwe nilikwenda mwenyewe nikapiga magoti nikamweleza yote. Alisikiliza, akaniuliza kama nimekula, kisha akasema nisimfanyie hivyo mtu mwingine mwenye jicho bovu. Nikaona bora angenitukana.

Mke wa mwalimu nilimkwepa wiki mbili. Siku ya kumi na tano alikuja gereji mwenyewe na saa yake katika kopo la maziwa ya watoto lililofungwa kitambaa.

"Nahitaji mtu wa kunizungushia injini," akasema. "Nina jenereta ya zahanati. Peke yangu siwezi kushika saa na kuzungusha krenki."

"Baada ya yale?"

"Nimekasirika bado," akasema. "Lakini zahanati haina taa."

Nilikwenda. Nilizungusha krenki kwa spana kubwa mpaka alama ya puli ikakutana na alama ya injini, naye akasoma sindano. Halafu tukabadilishana nafasi, akanikabidhi saa. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyoifikiria, na kioo chake kina ufa. Mara ya kwanza nilikosea kusoma. Mara ya pili nikasahau kuirudisha sufuri. Alinifanya nirudie mara nne, hakusema "vizuri" hata mara moja, nami sikustahili. Tulifanya kazi pamoja mara kadhaa baada ya hapo. Hatukuwa marafiki. Mke wangu na yeye walikuwa marafiki.

Mumewe alihamishwa tena, wakaondoka kwenda Mokowe, na huko ana gereji yake sasa, ya mabati, yenye jina lake ubavuni. Kazi zilirudi kwangu, si zote. Mwenye pikapu alirudi mwisho kabisa, na akija hukaa kwenye kiti karibu na boneti hadi nimalize.

Mwezi uliopita uliletwa kwangu mzigo kutoka Mokowe, gari dogo la diseli lililonunuliwa na mtu wa Siyu. Lilikuwa linagonga kidogo asubuhi. Nikafungua nikaona kazi ya mke wa mwalimu; naijua anavyofunga mabomba. Nikapima taimingi, nikatamani, siwezi kuficha, nikatamani sana nikute amekosea. Nilipima mara tatu. Ilikuwa sawasawa. Ugonjwa ulikuwa wa nozeli ya tatu, basi.

Nilimwambia mke wangu usiku tukila. Alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na bado yakuuma?"

"Yaniuma," nikasema, nikamwomba anisogezee mchuzi.