Siku Tuliyomfunikia Afande Sufuria

Kazi ya kuongoza mgomo niliianza mchana, mikono yangu ikiwa na unga. Afande wa uhamiaji alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda changu cha chakula, hapa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Nyarugusu. Alikula ugali, sato na mlenda. Akaongeza ugali. Akaongeza mchuzi, ule wa bure. Alipomaliza, mume wangu, Baba Neema, akachukua jagi na beseni akamnawisha, na kwa kuwa ni mtu wa adabu akamuuliza kama maji hayamchomi.

Afande akainua uso. "Hiyo lafudhi ya wapi?"

"Kasulu, afande. Mimi Muha."

"Wote mnasema Kasulu."

Akajifuta kwa taulo langu, akaushika mkono wa mume wangu, uleule ulioshika jagi, akaondoka naye. Jagi lilianguka. Beseni hakupewa hata nafasi ya kulitua, akapanda nalo garini, la bluu, lina maji ya mlenda.

Ilikuwa mara ya tatu kukamatwa kwa kudhaniwa ametoka ng'ambo ya mpaka. Mara ya kwanza nilipeleka cheti chake cha kuzaliwa, wakamwachia. Mara ya pili nikapeleka cheti hichohicho, wakakishangaa kama hawajawahi kukiona. Mara zote mbili nilisema asante. Nilimaliza kidato cha nne, najua kusema asante. Lakini mtu ashibe kwangu, anawishwe na mume wangu, kisha amchukue? Nilichosema siku hiyo mwanangu Neema, mwenye miaka mitatu, alikirudia wiki nzima mbele za watu, kwa hiyo sikiandiki.

Jirani anayeishi karibu na kituo cha uhamiaji akatuletea habari kwamba safari hii hawataki vyeti. Jumatatu kuna lori la kwenda mpakani, na Baba Neema yumo kwenye orodha. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Bosi wangu wa kwanza katika kazi hii, na wa mwisho, alikuwa Mama Kulwa, mwenyekiti wa kikundi chetu cha mama ntilie. Ni Msukuma wa makamo ya juu, mnene, hakimbii hata mvua ikinyesha. Nilimfuata nikiwa nimebeba sufuria la mchuzi unaochemka.

"Unakwenda wapi na hicho?"

"Kituoni. Nikawamwagie."

"Tua chini. Mchuzi ni wa kula." Akachungulia ndani. "Tena umeweka nyanya nyingi. Mama Neema, kwetu mtu akikosea hapigwi. Anatengwa. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Wewe ndiye mwenye shida, wewe ndiye utakayezunguka kuwaambia watu."

"Atatuogopa?"

"Afande hajui kupika hata chai. Siku tatu zinamtosha."

Nikazunguka, Neema mgongoni. Kituo changu cha kwanza kilikuwa vibanda vya chakula, na huko nilifundisha kufunika. Kufunika ni hivi: unaweka mfuniko juu ya sufuria, unaweka jiwe juu ya mfuniko, na mtu akiuliza unasema "kimeisha" bila kupepesa macho, hata kama mvuke unakupita kwapani. Si rahisi. Mama Shija, anayepika wali, alimwambia afande, "Kimeisha, ila kimebaki kidogo." Nilimhamishia kwenye kuosha vyombo.

Kituo cha pili kilikuwa mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, ambako afande alizoea kunywa uji asubuhi. Wanawake wa mwaloni hawakuhitaji mafunzo. Walimtazama tu, wakaendelea kuosha. Vijana wa bodaboda nao wakamwambia mafuta yameisha, pikipiki zikiwa zinanguruma.

Kinyozi ndiye alipata habari kwa kuchelewa. Nilipofika kwake afande alikuwa kitini, upande wa kulia umeshanyolewa. Nikamnong'oneza. Kinyozi alinitazama, akatazama kile kichwa, akazima mashine.

"Umeme umekatika, afande."

"Redio inaimba!"

"Redio ina umeme wake."

Kuanzia hapo afande hakuvua kofia. Jumamosi nzima alikula biskuti. Jumapili tulimwona nyuma ya gesti akijaribu kuwasha jiko la mkaa kwa kurasa za daftari. Nilipata raha kidogo, halafu nikakumbuka kwamba biskuti au ugali, lori litaondoka kesho yake. Nilikuwa nimemnyima afande chakula, mume wangu bado yumo mahabusu. Neema akauliza, "Baba anarudisha lini beseni?"

Jumapili hiyohiyo jioni, tukiwa wote vibandani na wachimbaji wametoka maduarani, kwenye mashimo yao, kuja kula, afande akaja. Alipita benchi langu bila kulitazama, akasimama mbele ya Mama Kulwa, akakunja magoti kidogo, akavua kofia, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

Watu wakakiona kichwa. Upande mmoja uling'aa, upande mwingine msitu. Mchimbaji mmoja alipaliwa na ugali ikabidi apigwe mgongoni. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilimsikia bosi wangu, mwenyekiti, mwenye sheria ya kutosalimia, akijibu kwa sauti tamu:

"Marahaba, ng'wana wane."

Mwanangu! Nilitamani kumfunika yeye kwa sufuria.

"Mama Kulwa, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana. Lakini shikamoo haiachwi hewani, Mama Neema. Nimezaliwa hivyo." Akamgeukia afande. "Kaa. Umenisalimia, sasa wewe ni mwanangu, na mwanangu lazima nimjue. Kwenu wazima?"

"Wazima, mayu."

"Ng'ombe?"

"Wapo."

"Kwenu ni wapi?"

"Ngara."

"Baba naye alizaliwa Ngara?"

"Nafikiri Ngara."

"Unafikiri. Na babu?"

"Babu alikuja na ng'ombe zake."

"Alikuja kutoka wapi?"

Afande akainama akatazama viatu vyake. Vijiko vyote vikasimama. Ngara na mpaka ni pua na mdomo, kila mtu pale anajua. Na hakuna aliyemcheka kwa hilo, maana katika machimbo haya nani babu yake alizaliwa hapa? Mimi mwenyewe nimetoka Mwakitolyo, kinyozi ametoka Singida.

"Wote mnasema Ngara," nikamwambia.

Akanitazama. Aliiona kauli yake ikirudi nyumbani. Mama Kulwa akaweka mkono juu ya jiwe la sufuria, hakuliondoa.

"Mwanangu, huyu Muha alikunawisha mikono. Mtu akikunawisha unamfanya nini?"

Afande akaigeuzageuza kofia yake. Mwishowe akaniita pembeni, akasema chinichini, "Mama Neema, mimi peke yangu siwezi kumtoa, orodha imeshapanda. Andika malalamiko. Dhidi yangu. Bosi wangu akiona barua imepigwa muhuri wa kupokelewa, hamsafirishi mtu kabla hajaisoma. Na hasomi haraka."

"Nikuandike wewe?"

"Niandike. Ila isizidi ukurasa mmoja, akikuta ndefu anakasirika." Akatoa kalamu mfukoni akanipa. Ikaishia kwangu.

Mama Kulwa alitaka kumpakulia. Nikasema hapana, mpaka muhuri. Jumatatu alfajiri nilikuwa mlangoni pa ofisi, barua mkononi, kabla ya lori kuwashwa. Karani akaniambia nije kesho. Nikamshusha Neema mgongoni, nikamweka juu ya meza yake, naye akaanza kurudia lile neno langu la Alhamisi. Muhuri ukagongwa.

Lori liliondoka bila Baba Neema. Alirudi Jumatano, amekonda, hana beseni. Afande alikuja kula siku hiyohiyo, kichwa kimelinganishwa. Nilimpakulia. Alinawa mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nina miaka ishirini na saba, narudi kwenye mlenda wangu. Ninyi mabinti mtakaoishika kazi hii baada yangu, mchuzi msimwage, na kinyozi muwahini mapema. Hasira mtakuwa nayo tu, mimi ninayo hadi leo, maana barua ile haijajibiwa. Naiweka hapa kama ilivyopokelewa:

Mama Neema,
Kibanda cha chakula, njia ya mwaloni.

Kwa Mkuu wa Ofisi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA AFANDE ALIYEKULA KWANGU

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni raia na mume wangu ni raia. Afande wako alimkamata kwa sababu ya jinsi anavyotamka maneno, wakati akiulizwa na mume wangu kama maji hayamchomi. Naambatanisha cheti chake cha kuzaliwa kwa mara ya tatu. Safari hii naomba kisomwe. Kama lafudhi ni kosa, naomba uje mwenyewe vibandani kwetu saa ya chakula utusikilize, kisha ulete malori ya kututosha wote, na la kwako.

Afande aliondoka na vitu vyangu viwili, mume na beseni la bluu. Naomba nirudishiwe vyote. Beseni likichelewa nitavumilia.