Mtu wa Upande wa Ziwa

Cheka ukimaliza, si sasa. Najua mimi ndiye niliyeambia darasa zima kwamba mwalimu wa zamu anafuga kiboko bafuni. Ule ulikuwa uongo. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa kumi na mbili jioni, jua bado halijazama.

Kwetu ni chini ya tuta linalozuia ziwa, upande wa Nyakach. Tuta lina mlango wa chuma, unaopandishwa na kushushwa kwa usukani. Ziwa likishuka tunaufungua, maji ya mashambani yatoke, likipanda tunaufunga. Kila wiki nyumba moja hukagua. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya mama, lakini mguu wake ulikuwa umevimba, akanipa daftari la ukaguzi.

"Zungusha usukani mpaka ugome. Halafu shuka, pitisha fito chini ya mlango, usikie kama maji yanavuta. Usiniletee mchezo, nyathina, mwanangu. Mpunga wangu wote uko hapo."

Nikazungusha, ukagoma. Nikashika fito nishuke.

"Haujafunga."

Mwanamume alikuwa amesimama upande wa ziwa, maji kiunoni, katikati ya magugu. Koti lake la kazi, la manjano, lilikuwa kavu kabisa. Sasa niambie, mtu anafikaje pale bila kupasua magugu? Nyuma yake hapakuwa na njia. Na mbu walikuwa wananila mimi, yeye hawakumgusa.

"Mzee, unatumia dawa gani ya mbu?"

Hakucheka. Na mimi huchekesha watu hata matangani.

"Inama, kijana. Ingiza mkono uguse chini ya mlango."

"Si uko hapo hapo? Gusa wewe!"

"Mkono wako."

Wangu wa nini? Niamini, nilijua huyu anataka kunivuta. Nikatupa fito, nikaandika daftarini "Umefunga vizuri" na alama ya vema kubwa, nikakimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki tutani.

"Umepitisha fito?" mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

Siku ya pili upepo ulisukuma ziwa. Ya tatu, mpunga wa mama ulikuwa chini ya maji, kambare wakizurura humo kama wenye shamba. Wanaume walizamia, wakakuta gogo limekwama chini ya mlango. Mama akafungua daftari, lililokuwa limelala mezani kwetu siku zote hizo. Juu ya maandishi yangu palikuwa na alama ya kiganja cha maji, vidole vitano wazi.

Tumeuanika ukurasa ule. Tumeupiga pasi. Haujakauka hadi leo.

Mama hakunichapa, na heri angenichapa. Siku hizi hata nikisema nimefunga kuku, huinuka akaangalie mwenyewe. Majirani wanasema yule mtu alikuja kutuokoa. Mimi bado namshuku. Alijuaje kuna gogo, kama si yeye aliyeliweka? Na mkono wangu aliutakia nini?

Kwa hivyo ukitumwa mlangoni ukamkuta, usimpe mkono. Piga kelele, ita watu, uitwe mwoga na kijiji kizima. Ila usirudi nyumbani ukasema umekagua.